Wikendi peke yangu: Wasini, Funzi au Lamu?

Bi_Kisauni: Hamjambo wote. Nimechoshwa na honi za Mwembe Tayari, nataka kutoka wikendi moja peke yangu, na kitabu na leso zangu. Najua mtanicheka, naishi kisiwani Mombasa na natafuta kisiwa. Kati ya Wasini, Funzi na Lamu, wapi kumetulia bila kunimalizia mshahara?

KijanaTudor: Lamu. Hakuna mjadala hapo.

Mtoto_wa_Shela: Mimi ni wa huko na bado nasema ngoja. Kwa basi ni Malindi, Garsen, hadi Mokowe, kisha uvuke kwa boti. Siku yaishia njiani. Hujakaa sawa, Jumapili ishafika wafunga mizigo. Ukiwa na nauli ya ndege hadi Manda, kisiwa jirani chenye uwanja, sawa. Ufuo wa Shela ni kama kilomita 12, ukizipita hoteli wabaki wewe na mchanga.

Nahodha_Mstaafu: Mwanangu, msafiri wa peke yake asiulize kisiwa kwanza, aulize chombo. Boti ya kukodi bei yake ni ya boti nzima, muwe wanane au uwe peke yako. Funzi pazuri mno, mikoko na mto Ramisi na mamba wake, lakini pale Bodo unapopandia boti gharama yote itakuangukia wewe. Wasini kuna mashua za wenyeji zinazojaza abiria Shimoni: kina mama na magunia ya unga, wanafunzi, kuku. Ingia humo, na nauli muulize abiria mwenzako kabla hujamuuliza mwenye chombo. Ukisimama gatini na miwani ya jua, utapelekwa boti ya watalii.

Mwana_Vanga: Naunga mkono. Vuka feri Likoni, panda matatu ya Lunga Lunga, shuka njia panda ya Kanana, hapo chukua gari au boda hadi Shimoni. Usitoke Ijumaa baada ya kazi, dadangu, giza litakukuta njia panda. Beba maji ya kunywa. Kisiwani maji matamu kwa miaka mingi yalikuwa ya mvua, yakihifadhiwa kwenye mabirika. Gari hakuna. Usikose bustani ya matumbawe ya kina mama wa kijiji, unatembea juu ya daraja la mbao kati ya miamba na mikoko.

Bi_Kisauni: Na pomboo?

Nahodha_Mstaafu: Hao ni Kisite, hifadhi ya bahari karibu na Wasini, na huko jiunge na kundi, usikodi. Ada ya hifadhi ni ya KWS, shirika la wanyamapori, mbali na pesa ya boti. Usiende Juni wala Julai, upepo wa kusi huvuruga maji na ukizamisha macho huoni kitu. Msimu wa upepo wa kaskazi ndio wake. Tazama na mwezi: ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na mnamo saa nne asubuhi maji yamekupwa mpaka mwamba uko wazi. Asubuhi hiyo soma kitabu chako, kuogelea ni alasiri.

KijanaTudor: Mimi bado niko Lamu.

Bi_Kisauni: Wewe una nauli ya ndege, kaka. Mimi Wasini, Jumamosi alfajiri. Kaa wa huko nitawapata hata nikiwa mmoja?

Mwana_Vanga: Utawapata, ila agiza ukishuka tu mashuani. Nyumba nyingi hazipiki mpaka ziambiwe, na ukichelewa utakula wali mtupu.