Binti yuko kwenye ARV (dawa za VVU): mashavu yanabonyea, tumbo linakua

Mama_Chumbageni: Habari zenu wana Tanga. Binti wa miaka 17, yuko kwenye dawa tangu utotoni, sasa anameza TLD (kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir). Mashavu yamebonyea, mishipa ya mikono imetokeza, na kiuno kinaongezeka. Dawa ibadilishwe?

Nesi_Ngamiani: Pole dada. Hayo ni mambo mawili. Mafuta kuisha usoni, mikononi na matakoni mara nyingi husababishwa na ARV iitwayo zidovudine, na zamani zaidi stavudine. Dawa hizo huharibu mitokondria (sehemu zinazotengeneza nishati) za seli za mafuta. Angalia kadi yake ya CTC (kliniki ya matibabu ya VVU) aliwahi kupewa zipi. Mafuta hayo hurudi polepole mno, pengine yasirudi yote. Kiuno ni habari nyingine: dolutegravir iliyomo kwenye TLD huongeza uzito kwa baadhi ya watu. Asiache dawa! Mabinti wengi huziruka kimyakimya kwa aibu ya umbo, na hilo ndilo la kuogopa.

Lishe_Raskazone: Mpimeni kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi. Kikifika nusu ya urefu wake au kuzidi, ombeni kipimo cha sukari na mafuta ya damu, asubuhi kabla ya chai. Vitumbua na soda zipunguzwe, samaki na mchicha viongezwe.

Nesi_Ngamiani: Akiandikiwa metformin (dawa ya kisukari), mtajieni daktari dolutegravir. Dolutegravir huipandisha metformin kwenye damu, hivyo kwa kawaida dozi ya metformin haizidi miligramu 1,000 kwa siku.