Baba mwenye presha ya macho huona nini hasa?

Mkazi wa Temeke: Ndugu zangu, baba husoma gazeti vizuri, lakini hujigonga kwenye kiti kilicho pembeni yake. Je, inawezekanaje?

Muuguzi: Ugonjwa huo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni huku katikati pakibaki wazi, wala mgonjwa haoni giza palipopotea, kwa kuwa ubongo hupajaza. Tafadhali, msimwite mzembe.

Msomaji asiyeona: Mimi nikipita Kariakoo, mwangwi wa fimbo yangu nyeupe hunijulisha ukuta ulipoishia na uchochoro unapoanzia, na harufu ya kahawa huniambia kuwa nimefika konani. Msihamishe viti bila kumwambia mzee.

Mkazi wa Temeke: Nashukuru. Kiti nilikihamisha mimi.