Kuchora watu mkahawani: kahawa ya unga, ya kuchemsha au chai?

MchorajiDunga (Kisumu)
Wadau, habari za wikendi. Nina miezi michache nikichora watu kwenye mikahawa ya Oginga Odinga Street, juu ya karatasi nilizopaka kahawa nyumbani. Karatasi nyeupe hunitisha. Ikishakuwa ya hudhurungi, nusu ya kivuli cha uso ipo tayari: naongeza giza kwa kalamu, na mwanga wa paji na pua kwa penseli nyeupe.

Kahawa ya unga inayeyuka upesi, lakini nikiikoleza karatasi inanata hata ikikauka. Ya kuchemsha naipenda kwa yale madoa yanayoachwa na machicha. Chai ya rangi ni nafuu, ila inatoka nyekundunyekundu. Nyinyi mnatumia gani?

KalamuNyeusi (Nakuru)
Ya kuchemsha. Ila umetaja kahawa ukasahau karatasi, ndugu. Ile ya fotokopi ya gramu 80 (uzito wake kwa mita moja ya mraba) ukiilowesha inajikunja, na ikiloa sana wino wa kalamu ya maji unatambaa kama mizizi. Mdomo wa mtu unageuka doa. Mimi nanunua ya rangi za maji, gramu 300, naikata vipande vinne. Bei inauma, lakini karatasi moja inanitosha wiki. Na wino uwe usioyeyuka kwa maji, kwa sababu nikiwa mezani naongeza vivuli kwa brashi na kahawa yenyewe.

MamaPenseli (Kericho)
Huku kwetu chai iko mlangoni, siwezi kuiacha. Huo wekundu unaoulalamikia ndio ninaoutafuta: ngozi zetu zinakaa vizuri juu yake kuliko juu ya kahawa, ambayo naiona ina ukijivu. Chemsha majani mengi, bila maziwa wala sukari, acha ipoe, kisha paka mara mbili. Angalia chombo tu. Niliwahi kutumia karai lenye kutu, karatasi zikatoka na mabaka meusi. Chai ikikutana na chuma hubadilika rangi hivyo.

MwalimuWaSanaa (Kakamega)
Wanafunzi wangu hawana uwezo wa gramu 300, na wanachora vizuri sana. Siri ni kutoizamisha karatasi. Chovya sifongo, kamua, pitisha mara moja kila upande, anika kwenye kivuli, halafu piga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa. Hailainiki kikamilifu, lakini kalamu ya Bic inapita bila kukwaruza, na wino wake hautambai.

Kuhusu kudumu, niwe mkweli: kahawa ina asidi, na rangi yake na ya chai hupauka juani. Michoro tuliyoibandika karibu na dirisha ilififia kabla muhula haujaisha. Mchoro unaoupenda upige picha siku hiyohiyo na uuhifadhi ndani ya faili.

BondeniChora (Nakuru)
Mimi kwangu karatasi inakuja baada ya mtu. Nachagua aliyeagiza chakula ambacho hakijafika, maana huyo hanyanyuki. Naanza na mstari wa mabega na jinsi kichwa kilivyoinama. Uso unaweza kusubiri, mgongo hausubiri. Mzee anayesoma gazeti ni zawadi. Na akinitazama, namwonyesha mchoro na kumwomba ruhusa. Akikataa, nampa karatasi yake. Siwachori watoto bila mzazi kukubali.

MchorajiDunga (Kisumu)
Ahsanteni sana. Mwalimu, leo nimejaribu sifongo kwa chai ya MamaPenseli kwenye karatasi ya gramu 80, na kwa mara ya kwanza haikujikunja hadi pembeni. Nimemchora mama aliyekuwa akingojea samaki wake pale Dunga, kwa Bic tupu. Alipouona alicheka, akaniambia leso yake ina maua zaidi ya hayo, akanikalia dakika kumi nyingine nimalizie. Ile ya machicha nimeiweka kwa ajili ya Jumamosi, nikipata karatasi nzito.