Mjadala: Je, filamu ya mauaji ipigwe kwenye magofu ya Kaole?

Mtoa mada: Vijana wa hapa Bagamoyo wanaotengeneza filamu kwa fedha za mfukoni wanakusudia kusimulia habari za muuaji mwenye kinyago anayewawinda wanafunzi mmoja baada ya mwingine, na wanataka kupigia picha Kaole, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Mimi naiunga mkono filamu, ila mahali napapinga. Wapo wanaokwenda pale kuomba dua hadi leo, na hakuna kibali kitakachowaridhisha kwamba damu ya bandia iliyomwagwa kando ya kaburi ni mchezo tu. Isitoshe, filamu za aina hii hazihitaji magofu. Mwaka 1978 John Carpenter alitengeneza Halloween kwa kati ya dola 300,000 na 325,000, fedha kidogo mno kwa sinema ya Marekani. Mji wa hadithi ile uko Illinois, lakini picha zilipigwa California; ili ionekane ni majira ya majani kupukutika, majani yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, kisha yakakusanywa yatumike tena. Kinyago kilinunuliwa dukani kwa bei ya chini kikapakwa rangi nyeupe. Damu inayoonekana ni haba. Kinachotisha ni muziki, alioutunga mwongozaji mwenyewe, na yule mtu asiyeonekana vizuri gizani. Nyumba moja ya Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo, mwenyewe akiridhia, inatosha kabisa.

Mchangiaji wa kwanza: Kuhusu gharama sina ubishi, lakini hii hoja ya heshima naona inatumika kwa upendeleo. Watalii hupiga picha Kaole wakiwa wameegemea kuta hizo hizo, nasi tunanyamaza. Anapotokea kijana wetu na kamera ya kuazima, ndipo tunapowakumbuka marehemu. Wapewe masharti ya maandishi: wasikaribie makaburi, wasipande kuta, wasiwashe moto, na msimamizi awepo muda wote.

Mchangiaji wa pili: Ndugu zangu, mnabishania kuta mkakiacha kisu. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina, na katika pwani ambayo watoto walikuwa wakitishwa kwa habari za mumiani, siwezi kuamua lolote kabla ya kujua huyo muuaji anaua kwa nini. Ikiwa ni kafara, nitaipinga hata ikipigwa chumbani kwao.

Mtoa mada: Dada yangu, mswada nimeusoma. Muuaji ni mlinzi wa zamani aliyedhulumiwa kiwanja, na wale wanafunzi ni watoto wa waliomdhulumu. Kafara haimo, wala mganga hatajwi. Hata hivyo ningependa Bodi ya Filamu, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kupanga madaraja, iwazuie walio chini ya miaka 18. Na wewe ndugu uliyetaja watalii, mtalii haachi doa jekundu ukutani. Tena kisa cha kiwanja hakina haja ya kupelekwa makaburini: Bagamoyo nzima itakielewa hata kikianzia kwenye bikoni ya mpaka.