Baba mdogo kaalikwa kuvikwa joho la "mashujaa wa Kikatoliki", hivi hivi vyeo vinatambulika kweli?

MwanaNgambo (Tabora)

Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Naombeni mwenye uelewa anisaidie maana nyumbani kumewaka. Baba yangu mdogo ni mtu wa kanisa kwelikweli, kawa mwenyekiti wa jumuiya, kaongoza UWAKA (Umoja wa Wanaume Wakatoliki) parokiani, walei wote wanamjua. Sasa juzijuzi alienda msibani Dar akakutana na mtu wakaunganishwa kwenye grupu la wasap, huko katumiwa faili la PDF la kumwalika ajiunge na shirika la mashujaa wa Kikatoliki, wanasema lilianzishwa enzi za vita vya msalaba na mkuu wake ni mwanamfalme fulani wa Ulaya. Akishavikwa joho ataitwa Sir na mama mdogo ataitwa Lady. Ada ya kuvikwa dola 800, joho na nishani unanunua kwao kwa bei nyingine.

Lile faili nimelisoma mstari kwa mstari. Juu kuna funguo mbili za Petro kama zile za Vatikani, chini kuna mhuri mwekundu na sahihi ya mtu mwenye majina kama sita hivi, katikati wameandika kwamba shirika liko "chini ya baraka ya Baba Mtakatifu". Jina la jimbo lolote hakuna, askofu hatajwi, anuani ni barua pepe tu. Mzee anataka kuuza ng'ombe wake wa Uyui ili alipe, nimemwomba asubiri kidogo kanijibu vijana wa siku hizi hatuna imani.

Siwezi kumwambia mzee kama yule kwamba katapeliwa wakati sina uhakika, na kama ni la kweli sitaki niwe mimi ndiye niliyemkosesha heshima ambayo kaitumikia maisha yake yote. Je Kanisa linayatambua haya mashirika?

Mama wa Kitete

Milele amina. Mwanangu dola 800 ni ada ya mtoto na mbolea juu. Asilipe hata senti. Heshima ya Papa huwa hailipiwi, ukiona pesa imetajwa tu ujue ni matapeli.

KatekistaUyui

Mama nakuelewa na mimi pia nasema asilipe, ila hiyo sababu ya pesa peke yake haitoshi na mzee akiwa mbishi atakushinda nayo. Hata mashirika halali kabisa, Mashujaa wa Malta na wale wa Kaburi Takatifu la Yerusalemu, mtu anapopokelewa anatoa mchango, na wa Kaburi Takatifu wanaendelea kuchangia kusaidia shule na parokia za Wakristo wa Nchi Takatifu. Kwahiyo pesa ipo kote. Cha kuuliza ni nani anayetoa hicho cheo na kapewa na nani mamlaka ya kukitoa.

Hapo jibu liko wazi na lina tarehe. 16 Oktoba 2012 Ofisi ya Katibu wa Vatikani ilitoa tamko, na haikuwa mara ya kwanza, ikasema Kiti Kitakatifu kinatambua nishani za Papa mwenyewe ambazo ni tano, ikiwemo ya Kristo, ya Pio IX, ya Mtakatifu Gregori Mkuu na ya Mtakatifu Silvesta, halafu shirika la Malta, halafu la Kaburi Takatifu. Basi. Mengine yote, yawe ya jana au yawe yanadai yametoka karne za kati, Kiti Kitakatifu hakiyatambui wala hakidhamini historia yao, sheria zao, malengo yao au uongozi wao. Wakaongeza kwamba vyeti na nishani za hayo makundi havina thamani yoyote mbele ya Kanisa, na kwamba haifai makanisa kutumika kwa hizo sherehe zao za kuvikana majoho, kwa sababu kuna waamini wenye nia njema wanaumizwa. Baba yako mdogo ndiye huyo mwamini mwenye nia njema waliyekuwa wanamuwaza.

Na hilo la "baraka ya Baba Mtakatifu" naomba ulitazame vizuri maana ndiyo mtego wenyewe. Kuna karatasi za baraka ya kitume, zile nzuri zenye picha ya Papa juu, zinatolewa na ofisi ya sadaka ya Papa kule Vatikani, watu wanaziomba kwa ajili ya ndoa, jubilei, upadrisho, hata kwako unaweza kuiomba ukaitundika sebuleni. Ni baraka kwa mtu na familia yake, haianzishi shirika wala haithibitishi cheo cha mtu. Sasa kikundi kinachukua karatasi ile kinaiskani kinaiweka kwenye PDF yao na anayesoma anaamini Papa kasaini katiba. Ni hivyo hivyo na picha za kwenye katekesi ya Jumatano pale uwanja wa Mtakatifu Petro, maelfu wanahudhuria na wengine wanapata bahati ya kumshika mkono Papa, picha ile haithibitishi chochote.

Buhigwe_Moja (Kigoma)

Katekista nakuheshimu ila naomba nipinge kidogo. Wewe umeongelea Kanisa tu kana kwamba heshima zote duniani zinatoka Vatikani. Kuna heshima za kifalme nazo zina mizizi yake, na mfalme hata akinyang'anywa nchi damu yake haibadiliki. Sisi huku mpakani tunawajua wafalme vizuri. Kigeli V Ndahindurwa wa Rwanda alitangazwa mwami 1959 baada ya kaka yake Mutara Rudahigwa kufariki, ufalme ukafutwa 1961, akazunguka uhamishoni, hata hapa Tanganyika kakaa, mwisho akaenda Marekani akaishi Virginia mpaka kufa kwake 2016. Na alikuwa Mkatoliki, Mutara ndiye aliyebatizwa 1943 na 1946 akaikabidhi Rwanda yote kwa Kristo Mfalme. Kule Marekani Kigeli alikuwa anatoa nishani na vyeo kwa watu. Mtamwita tapeli? Alikuwa mwami wa kweli aliyesimikwa mbele ya watu, huwezi kumlinganisha na mtu wa majina sita wa kwenye wasap.

Mwl. Kasulu

Buhigwe hakuna aliyemwita mwami tapeli ila suala lake halikuwa rahisi hivyo. Nafundisha historia na hili huwa linanigusa sana kwa sababu watu wanachanganya mambo matatu, kuwa na damu ya kifalme, kuwa na heshima mbele ya watu wako, na kuwa na uwezo wa kutoa cheo kinachotambulika.

Wanaofuatilia haya mambo Ulaya wana kanuni wanayoishika, kwamba ukoo uliotawala kweli, mkuu wake hata akiwa uhamishoni anaweza kuendelea kutoa nishani za ukoo zilizokuwepo kabla hajaondolewa. Kuanzisha mpya ukiwa umeshavuliwa nchi hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Na Rwanda ya zamani ilikuwa na nishani zake za kweli, shujaa aliyeua maadui saba vitani alivishwa umudende shingoni, ukifika kumi na wanne ni impotore, ishirini na mmoja anafanyiwa gucana uruti. Hizo alikuwa anatoa mwami kwa askari wake waliopigana. Zile za Virginia zenye majina ya naiti (yaani shujaa wa Kizungu) na madaraja ya Kizungu, wakipewa watu ambao wengi wao Rwanda hawajawahi kukanyaga, ni kitu kingine kabisa, na waandishi wa Marekani waliandika wazi kwamba pesa ilihusika. Mimi simlaumu mzee wa watu aliyeishi kwa misaada huko ugenini, lakini serikali ya Kigali haikuzitambua, Vatikani haikuzitambua. Halafu jina la Uruti limerudi Rwanda kwa njia nyingine, 2009 Kagame alimpa Mwalimu Nyerere medali ya Uruti ingawa alishafariki. Hiyo inatolewa na dola, hakuna anayeuliza uhalali wake.

Hata hapa kwetu, machifu walivuliwa mamlaka 1963, lakini nenda Unyanyembe watu bado wanamwita mtemi kwa heshima zake na wanamsikiliza kwenye mambo ya mila. Ila hawezi kukuandikia hati ukaenda nayo Dodoma ukaitwe mheshimiwa.

Na msidhani ugomvi huu ni wa Waafrika. Chukueni shirika la Konstantini la Mtakatifu George, la ukoo wa Bourbon waliotawala Naples na Sicilia. Mwaka 1900 kijana mmoja wa ukoo, Carlo, alisaini barua pale Cannes ya kuachia haki zake kwa sababu alikuwa anaenda kumuoa mrithi wa kiti cha Hispania. Ikakaa kimya. 1960 mkuu wa ukoo Ferdinando Pio akafa bila mtoto wa kiume wa kumrithi, moto ukawaka, mtoto wa Carlo anayeitwa Alfonso anasema ile barua ilikuwa na masharti na mimi ndiye mkuu, mdogo wake Carlo anayeitwa Ranieri anasema kaka alishaachia kwahiyo ni mimi. Tangu hapo kuna wakuu wawili, mashirika mawili yenye jina moja, msalaba mmoja mwekundu, kila mmoja anavika watu na kila mmoja ana makadinali na maaskofu wanaosali naye. 2014 walipatana Naples, 2016 wakagombana tena. Hawa ni ukoo ambao hakuna anayebisha kwamba ulitawala! Sasa mtu ambaye ukoo wake haujulikani ulitawala wapi atawezaje kudai zaidi?

Buhigwe_Moja (Kigoma)

Mwalimu hapo kwenye zilizokuwepo na zilizoanzishwa baadae nimekuelewa. Ila bado nasema Wazungu wawili wakigombea cheo mnaita mgogoro wa kihistoria, mwami akitoa nishani mnaita biashara. Hilo halijakaa sawa na sitalinyamazia.

MwanaNgambo (Tabora)

Asanteni sana, nasoma yote. Nimempigia mzee jioni hii nikamsomea alichoandika Katekista, kasema hao watu walishamwambia kwamba Vatikani inawaonea wivu tu, kwamba shirika lao ni kongwe kuliko hayo yanayotambulika, lilihudumia wenye ukoma Yerusalemu. Hapo nikakosa jibu.

Mwl. Kasulu

Hospitali ya wakoma Yerusalemu ilikuwepo kweli na ndugu wa shirika la Mtakatifu Lazaro walioihudumia walikuwepo kweli, karne ya 12. Shida ni kilichotokea baadae. 1572 Papa Gregori XIII tawi la Italia aliliunganisha na shirika la Mtakatifu Maurisi chini ya ukoo wa Savoy, tawi la Ufaransa mfalme Henri IV akaliunganisha na la Bikira Maria wa Mlima Karmeli 1608, mapinduzi yakapita juu yake, na 1830 likakosa hata ulinzi wa mfalme. Mwanzoni mwa karne iliyopita ndipo watu wakalifufua huko Ufaransa wakitafuta ulinzi wa patriaki wa Wamelkiti (Wakatoliki wa Mashariki). Wanaotumia jina hilo leo wapo makundi zaidi ya moja na wengine wanafanya huduma nzuri ya kweli kwa wagonjwa, sitawavunjia heshima kwa hilo. Lakini ukongwe wa jina si ukongwe wa shirika. Kuna wanaojiita Templa, mashujaa wa enzi za vita vya msalaba, mpaka leo wakati Papa Klementi V aliwafuta 1312 na mkuu wao wa mwisho Jacques de Molay akachomwa moto Paris 1314.

Kama anataka kuona uhusiano wa kweli na Papa unafanana vipi aangalie shirika la Malta. Lina hati ya Papa Paskali II ya 1113, lina mabalozi kwenye nchi zaidi ya mia, na pamoja na ukubwa wote huo 2022 Papa Fransisko alivunja baraza lao akawapa katiba mpya na 2023 wakachagua mkuu chini ya hiyo katiba. Unaona? Papa anaingia ndani anabadilisha. Hilo la wasap Papa akitaka kulibadilisha ataanzia wapi wakati hata ofisi yake hailijui?

KatekistaUyui

Niongeze hili kwa ajili ya mzee mwenyewe maana naona anastahili kutambuliwa na hilo halina ubishi. Nishani za Papa zipo na walei wanapata, wanawake nao tangu 1993 wanapokea ya Gregori Mkuu na ya Silvesta sawa na wanaume, halafu kuna msalaba wa Pro Ecclesia et Pontifice ulioanzishwa na Leo XIII 1888, huo ndio unawafaa sana watu waliotumikia parokia miaka mingi. Mtu hajiombei. Paroko anaandika historia ya utumishi wake, askofu akikubali anapeleka kwa balozi wa Papa Dar, kutoka hapo inaenda Roma, ikirudi inakuja na hati na askofu ndiye anayemvika, mbele ya jumuiya yake. Huko UWAKA kama mnaona inafaa kaeni na paroko muanze kuandika, na mzee mwenyewe asiambiwe.

Kuhusu hili la sasa, hilo faili lichapeni mlipeleke kwa katibu wa jimbo kuu, hatahitaji hata siku nyingi kulijibu. Na muulizeni mzee kama walishamtajia kanisa watakapofanyia hiyo sherehe, kama wamelitaja basi paroko wa hapo aambiwe mapema kabla hawajafika na majoho yao mlangoni.