Chevelle 1969: niweke 454 au nijenge bloku ndogo 383?

Mtanga_Houston
Habari zenu wakuu. Nina Chevelle ya 1969, gari la Chevrolet la milango miwili. Rangi imechoka ila bodi iko safi, kutu kidogo tu chini ya kioo cha nyuma. Injini iliyomo imekufa, asubuhi inatoa moshi wa bluu na oili inaisha bila kuvuja. Kuna jamaa anauza 454, V8 ya bloku kubwa (namba ni ujazo kwa inchi), aliyoitoa kwenye pikapu, anataka jibu kabla ya Jumamosi. Fundi wangu anasema niachane nayo, nijenge bloku ndogo 383. Nichukue ipi?

FundiMkongwe_Dallas
Mkuu, umeleta swali nusu. Injini iliyomo ni ipi? Gia boksi gani? Difu ni ya bolti 10 au 12 kwenye kifuniko (ya 12 ndiyo imara zaidi)? Gari ni la kuendea kazini au la kupiga resi? Bajeti je? Halafu ni SS ya kweli (toleo la nguvu) au Malibu (la kawaida)? Za 1966 hadi 1968 namba ya chasisi ya SS inaanza na 138, inajitambulisha yenyewe. Mwaka 1969 SS 396 ilikuwa nyongeza ya kununua tu, namba haikuambii kitu. Kama una karatasi za kiwandani na injini ni ya asili, usiiuze hata kama imekufa. Itoe, ifunge, iweke stoo.

Wa_Nakuru_Minneapolis
Chukua 454 bana, usijiulize mara mbili. Nguvu inaanzia chini kabisa, ukikanyaga mafuta kidogo gari imeshaondoka. Na si kitu cha kulazimisha: mwaka 1970 Chevrolet wenyewe waliiweka 454 kwenye Chevelle, na toleo lake la nguvu zaidi, LS6, lilitangazwa kwa nguvu za farasi 450. Nafasi chini ya boneti ipo.

FundiMkongwe_Dallas
Ndugu yangu, LS6 ilikuwa na mgandamizo wa 11.25 kwa 1 na hedi zenye matundu makubwa. Tena hizo 450 zilipimwa kwa mtindo wa zamani, injini ikiwa peke yake bila ekzosi ya gari. 454 nyingi za pikapu za 1987 hadi 1995 zilitoka kiwandani na farasi 230. Ni injini ya kuvuta trela. Usimpe mwenzako ndoto ya LS6 kwa bei ya skrepa.

Wa_Nakuru_Minneapolis
Hedi zinabadilishwa, kemshafti inabadilishwa. Bloku ni ileile.

FundiMkongwe_Dallas
Zinabadilishwa kwa pesa, ndiyo maana nikauliza bajeti.

Salum_Maskati
Assalaam alaykum. Kabla hamjafika kwenye farasi, zungumzeni maji. Huku kwetu kiangazi joto linapita nyuzi 45, na magari haya ya Kimarekani yanapendwa sana, kwa hiyo tunayaona yakichemka. Bloku kubwa ya chuma ni nzito kuliko bloku ndogo kwa kilo 50 hivi, na moto wake ni mwingi. Radieta ya bloku ndogo haitaiweza foleni ya Houston. Weka radieta pana ya aluminiamu, na kava la feni lifunike radieta nzima. Watu wengi wananunua radieta kisha wanaliacha lile kava, feni inazungusha hewa ileile. Springi za mbele pia badilisha, la sivyo gari litainamisha pua.

Dada_Mwanza_Atlanta
Mtanga, soma hili kabla hujatoa hela. Sisi tulinunua 454 kwa ajili ya Nova ya 1970 ya mume wangu. Gereji moja ya hapa ikaifunga kwenye gia boksi ya zamani, na kwa kuwa bolti za gia boksi za Chevrolet V8 zinaingiliana, ikaonekana kazi imekwisha. Kwenye sailensi, bila kukanyaga mafuta, gari lilitulia. Ukifika mizunguko 2,000 kwa dakika kioo cha ndani kinatetemeka mpaka huoni gari la nyuma. Tukawarudishia. Wakabadilisha mauntingi, tukalipa. Wakasema kabureta, tukalipa. Wakasema propela shafti haiko sawa, tukalipa tena. Mwishowe oili nyekundu ya gia ikaanza kudondoka uani.

Fundi mwingine akashusha gia boksi. Flekspleti, ile sahani inayounga krenki na gia boksi, ilikuwa na nyufa kutoka tundu la bolti moja hadi lingine, na sili ya mbele ya gia boksi imeliwa. Akaweka flekspleti mbili mezani: ile yetu ya 350 ni duara tupu, ya 454 ina kipande cha chuma kimechomelewa karibu na ukingo. Krenki ya 454 inategemea uzito huo wa nje ili izunguke sawa. Bloku kubwa za 396 na 427 hazihitaji, 454 inahitaji. Bearingi za krenki nazo tukanunua mpya. Mwambie huyo muuzaji akupe injini na puli yake ya krenki na flekspleti yake, vyote pamoja. Akisema hana, ondoka.

Mbeya_Calgary
Pole dada. Lakini mbona hakuna anayetaja LS, zile V8 mpya za Chevrolet zenye kompyuta? Injini ya lita 5.3 kwenye pikapu za 1999 na kuendelea imejaa skrepa. Kompyuta yake inajirekebisha yenyewe. Kabureta na baridi ya huku asubuhi ni mateso matupu.

Wa_Nakuru_Minneapolis
Nani anatoa Chevelle kwenye barabara iliyomwagwa chumvi ya kuyeyusha theluji? Kuweka kompyuta humo ni kuiua. Ukifungua boneti watu wanataka kuona kabureta.

Mbeya_Calgary
Watu hawalipii mafuta yako.

Mtanga_Houston
Samahani wakuu, kazi zilinibana. Ni Malibu, iliyomo ni 307. Gia otomatiki. Bajeti dola 6,000, na ndani ya hiyo nataka breki pia. Matembezi ya wikiendi, na nikistaafu ningependa kurudi nalo nyumbani.

Wa_Nakuru_Minneapolis
Ukipita upande wa Kenya sahau. Usukani wa kushoto hauruhusiwi kwa gari la kawaida, na gari lililozidi miaka 8 haliingii.

Salum_Maskati
Mafuta ya 454 kule nyumbani utayaweza, kaka?

FundiMkongwe_Dallas
Tusitoke kwenye mada. Gia otomatiki ya gia ngapi, mbili au tatu? Kwa dola 6,000 na breki ndani yake, 383 ndiyo njia: bloku ya 350, krenki yenye mwendo wa pistoni wa inchi 3.75, inakaa kwenye mauntingi zilezile za 307 na ekzosi zilezile. Ukienda 454 unanunua mauntingi za chasisi, ekzosi, radieta na springi kabla hujaiwasha. Na difu bado hujajibu.

Mtanga_Houston
Gia mbili. Nimeingia chini sasa hivi, difu ni bolti 10. Jamaa amenipa hadi Jumatatu.

FundiMkongwe_Dallas
Basi hiyo difu haitadumu na 454.

Wa_Nakuru_Minneapolis
Itadumu kwa tairi za kawaida. Tairi itateleza kabla ya meno kukatika. Nimeendesha hivyo.

Dada_Mwanza_Atlanta
Muuzaji ameshakuonyesha flekspleti?