Baga inavimba katikati na nyama inakuwa ngumu kama soseji: nakosea wapi?

KisuNaUbao:
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua baga kwa undani.

Ninavyofanya: nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, ile nyekundu isiyo na mafuta kabisa. Naweka yai moja, chenga za mkate vijiko vinne, kitunguu kilichokatwakatwa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, halafu nakanda mpaka ishikane. Natoa pati nne (vile vipande bapa vya nyama vya kuweka ndani ya mkate), nakaanga moto wa wastani dakika 6 kila upande.

Matokeo: pati inasinyaa mpaka mkate unaizidi, inavimba katikati kama mpira, na ukiitafuna inadunda kama soseji. Rangi ni ya kijivu, ukoko wa kahawia hakuna. Mkate wa chini unalowa na kumeguka kabla hujafika nusu.

Swali la pili: mtu akienda kununua baga mahali asipopajua, anatambuaje kwamba hapo wanaijua kazi?

MotoJuu:
Mkuu, hapo umepika kababu bapa. Kababu ni chakula kizuri, lakini baga ni kitu kingine. Baga ni nyama, mafuta yake na chumvi ya juu, basi. Yai, chenga na kitunguu toa vyote. Yai na chenga vinagandisha nyama, na kitunguu kibichi kinatoa maji ndani ya pati, ndiyo sehemu ya ile rangi ya kijivu.

Kosa kubwa kuliko yote ni chumvi kukandwa ndani. Chumvi ikikutana na nyama mbichi iliyosagwa inayeyusha protini inayoitwa mayosini. Protini hiyo inakuwa kama gundi, na ikipata joto inaganda na kuzifunga chembe zote za nyama kuwa kitu kimoja. Watengeneza soseji hufanya hivyo kwa makusudi, maana wanataka ule mdundo. Kwenye baga unataka chembe zilale pamoja kwa ulegevu, ziachane mdomoni. Kwa hiyo chumvi inanyunyizwa juu ya pati iliyokwisha umbwa, sekunde chache kabla haijagusa kikaango. Kwa pati ya gramu 150, theluthi moja ya kijiko cha chai inatosha, nusu upande huu na nusu ule.

Pili, mafuta. Nyama isiyo na mafuta haitoi baga hata uifanyeje. Lenga asilimia 20: kwa nusu kilo, gramu 400 za nyama na gramu 100 za mafuta. Bega la ng'ombe ndilo la kuombea, kwa sababu lina ladha na mara nyingi mafuta yake yanakaribia kiwango hicho. Ukipata na kidari kidogo cha kuchanganya, vizuri zaidi. Chini ya asilimia 15 itakauka. Ikizidi 30, pati itasinyaa sana na kuogelea kwenye mafuta yake.

Tatu, baridi. Mafuta yakipata joto la mikono yanapakazika kwenye nyama kama siagi, na kwenye kikaango yanachuruzika yote mara moja. Nyama ibaki kwenye friji mpaka kikaango kiwe tayari. Ukisaga mwenyewe, kata vipande vya sentimita 2 hadi 3, viweke kwenye jokofu la barafu dakika 30 mpaka pembe zianze kukakamaa, na mashine yenyewe ipoe humo humo. Toa kano na utando mweupe, maana huo unajizungusha kwenye kisu cha mashine. Ukiona nyama inatoka kama uji badala ya nyuzi zinazoonekana moja moja, simamisha, fungua, safisha kisu.

Kuvimba: kingo zinaiva kwanza, zinajikaza kama mshipi na kuisukuma katikati ijae. Kwa pati nene (gramu 150 hadi 170, unene kama sentimita moja na nusu) fanya upana uzidi mkate kwa sentimita moja na nusu, kisha bonyeza katikati kwa kidole gumba upate kishimo cha nusu sentimita. Ikishaiva inakuwa bapa yenyewe.

Kuhusu ukoko: maji hayapiti nyuzi 100, na nyama huanza kuwa kahawia kwa kasi kuanzia kama nyuzi 140. Moto wa wastani na pati nne kubanana maana yake unachemsha nyama kwenye maji yake. Tumia kikaango kizito cha chuma, kipashe moto dakika 5, dondosha matone ya maji. Yakikaa na kuchemka, bado. Yakijikusanya na kukimbia kama gololi, weka nyama, pati mbili tu kwa mara moja. Dakika 4 upande wa kwanza, 3 wa pili. Usiikandamize na mwiko. Ule mvuke unaosikia ukilia ni utamu unaondoka.

UkokoTu:
MotoJuu kamaliza habari ya pati nene. Naongeza kwamba kwa anayeanza, pati nyembamba ya kukandamiza ni rahisi kupatia. Na hapa kukandamiza kunaruhusiwa, tena lazima, lakini ndani ya sekunde 30 za kwanza tu, wakati mafuta ya ndani bado ni baridi na hayajayeyuka.

Chukua nyama gramu 60, ikusanye iwe donge bila kuikaza. Kikaango kiwe kikali kabisa, usitie mafuta. Weka donge, funika na kipande cha karatasi ya kuokea, kandamiza na kitu kizito bapa kwa sekunde 10 mpaka unene uwe nusu sentimita. Ondoa karatasi, tia chumvi. Sasa acha. Usiiguse kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Utaona kingo zimekuwa kahawia na zina matundu kama kitambaa cha lesi, na juu yanatokeza matone ya mchuzi. Hapo ingiza mwiko wa chuma wenye ukingo mkali, ulale chini kabisa, kwangua kwa nguvu ili ukoko utoke na nyama. Mwiko mnene wa plastiki utauacha ukoko chini, na ukoko ndio baga yenyewe. Geuza, weka chizi, sekunde 40, toa. Weka pati mbili kwenye kila mkate.

Usitumie kikaango kisichogandisha. Nyama haishiki chini, ukoko unakuwa hafifu, na utando wa vikaango hivyo huanza kuharibika vikipashwa kupita nyuzi 260.

Chizi: ya kusindikwa, ile ya vipande, inayeyuka laini kwa sababu ina chumvi za sitreti zinazoshikilia mafuta na protini pamoja. Chizi iliyokomaa sana inaachana, mafuta huku na punje kule. Ukitaka iyeyuke haraka, dondosha kijiko cha chai cha maji pembeni ya kikaango na ufunike sekunde 15.

Na kama unapenda kitunguu, kikate chembamba mpaka nuru ipenye, kilundike juu ya donge, kisha kandamiza pamoja. Ukigeuza, kitunguu kinaiva chini ya nyama ndani ya mafuta yake. Mtindo huo unatoka jimbo la Oklahoma huko Marekani, mji wa El Reno ukiwa maarufu kwa huo, tangu miaka ya 1920. Kitunguu kingi kilifanya nyama kidogo itoshe, na ladha yake ndiyo iliyoufanya udumu.

KisuNaUbao:
Ahsanteni sana wakuu. Ile nene, naweza kuiacha nyekundu kidogo katikati kama steki?

Kipimajoto:
Hapana ndugu, na sababu ni hii. Kwenye steki bakteria wanakaa juu, moto wa kikaango unawamaliza. Ukisaga, kilichokuwa juu umekichanganya hadi katikati, ikiwemo E. coli O157:H7 ambayo inaweza kuharibu figo, hasa za watoto wadogo. Nyama ya ng'ombe ya kusaga ifike nyuzi 71 katikati. Choma kipimajoto kutokea ubavuni mwa pati mpaka kiini. Ukichoma kutoka juu unaweza kuvuka na kupima joto la kikaango.

Usiamini rangi. Kuna nyama inayogeuka kahawia kabla haijafika nyuzi hizo, na ipo inayobaki na wekundu hata baada ya kuzipita. Kwa nyama yenye mafuta asilimia 20, nyuzi 71 bado ina mchuzi wa kutosha. Nyama ya kusaga ikae kwenye friji siku moja au mbili, isizidi, na sahani iliyobeba pati mbichi usiirudishie zilizoiva.

MkateKwanza:
Mmesahau mkate, na swali la pili la mkuu halijajibiwa.

Mkate uwe laini lakini wenye uti, ule wenye maziwa na yai kidogo, upana kama sentimita 10. Paka siagi nyuso zilizokatwa, zilaze kwenye kikaango dakika moja mpaka ziwe kahawia. Siagi na ule ugumu wa juu vinazuia mchuzi usipenye. Pati nene ipumzike dakika 2 kwenye waya kabla ya kupanda juu ya mkate. Mpangilio kutoka chini: mkate, mayonezi, majani ya saladi, nyama na chizi, matango ya siki, haradali, mkate. Nyanya ikiwepo, ikaushe kwa karatasi kwanza. Yenyewe ndiyo inayolowesha kuliko nyama.

Ukienda kununua, simama pale unapoona jiko. Angalia kama nyama mbichi inatoka friji ikiwa donge au kipande kisicho sawa kingo. Vile vilivyokatwa duara kamili na kuganda kama jiwe vimetoka kiwandani. Sikiliza: nyama ikigusa bamba la kukaangia isikike ikilia kwa sauti kali, ikinyamaza bamba limepoa. Tazama kama mpishi anakwangua bamba kila baada ya zamu, na kama mkate unapashwa. Baga zilizokwisha fungwa zikisubiri chini ya taa, pita. Uliza nyama imesagwa lini na kiungo gani; anayejua kazi anajibu papo hapo. Mara ya kwanza agiza ile ya nyama na chizi tu, bila sosi nyingi, maana sosi huficha nyama mbaya.

Kwa wanaosita kwa sababu ya jina: limetokana na mji wa Hamburg, Ujerumani, halihusiani na neno la Kiingereza "ham", yaani paja la nguruwe. Hata hivyo uliza kama kuna bekoni na kama inakaangwa bamba moja na nyama yako.

UkokoTu:
Nyongeza kwa wa mkaa: madonge ya kukandamiza hayafai kwenye waya, yatapenya chini. Huko tumia pati nene, sukuma makaa upande mmoja, choma nyama ipate ukoko kwenye upande mkali, na mafuta yakianza kuwasha ndimi za moto ihamishie upande usio na makaa, funika, ifike nyuzi 71.